Njia ya Misafara Haikuishia Ujiji

Neno hongo lina historia. Likitajwa leo, anayelisikia huona bahasha ikipita chini ya meza. Zamani halikuwa na aibu hiyo. Hongo ilikuwa ushuru uliolipwa mchana kweupe na kila msafara uliokatiza Ugogo: vitambaa vya merikani na kaniki vilivyopimwa kwa mkono, ushanga, nyaya za shaba, vyote vikihesabiwa mbele ya wazee wa mtemi mwenye visima. Nchi ile ni kame. Mwenye maji ndiye aliyekuwa mwenye njia, naye alidai haki yake. Wafanyabiashara wa pwani walinung'unika, wasafiri wa Ulaya wakajaza kurasa kwa malalamiko, na wote wakalipa.

Msafiri anayepita leo kwa gari kutoka Mpwapwa kwenda Dodoma na kuendelea hadi Manyoni, anaikata nchi hiyo hiyo. Hataona popote kibao kinachomwambia kwamba hapa palilipwa hongo, wala kwamba neno analolijua vizuri liliwahi kuwa hapa jina la ushuru wa halali.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, iingizwe katika orodha ya awali, yaani orodha ya mahali ambapo nchi inakusudia kupapendekeza pawe Urithi wa Dunia. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 1,200 hivi, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika, na iliwakilishwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara karibu na Tabora, na Ujiji. Lilikuwa jambo jema na la lazima. Lakini kati ya Mpwapwa na Kilimatinde hakuna kituo hata kimoja, na huo ndio moyo wa Ugogo.

Ukitazama vituo hivyo sita utaona kinachoviunganisha. Ni majengo. Bagamoyo ina misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, ina ngome na nyumba za mawe. Mamboya na Mpwapwa zina kumbukumbu za wamisionari Waanglikana wa CMS. Kilimatinde ilikuwa na boma la Wajerumani. Kwihara ina tembe alilokaa mpelelezi Livingstone, na Ujiji ina mnara unaoonyesha alipokutana na mpelelezi mwenzake Stanley mwaka 1871. Mtu akiisoma orodha hiyo bila kujua zaidi, atadhani njia hii ilikuwa ya wamisionari na wapelelezi, na kwamba Waafrika walikuwa wapita njia tu katika nchi yao wenyewe.

Ukweli ni kinyume. Njia hii ilifunguliwa kutoka bara kuja pwani. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wanyamwezi na Wasumbwa walikuwa tayari wanateremka hadi baharini na pembe zao, kabla wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili hawajazoea kupanda hadi Unyanyembe, nchi ya Tabora. Wao ndio waliojua wapi pana maji mwezi wa Septemba, mtemi gani ana njaa na yupi ana chakula cha kuuza. Wapelelezi Burton na Speke walipoondoka Kaole mwishoni mwa Juni mwaka 1857, walitembea siku 134 kufika Tabora, ambayo wao waliiita Kazeh, na kila hatua walipita juu ya nyayo za watu.

Upagazi ulikuwa kazi yenye heshima yake. Kijana wa Kinyamwezi aliyewahi kufika pwani alirudi mtu mwingine, na ambaye hajafika alitaniwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, zaidi ya kilo 30, begani au kichwani, kila siku, kwa miezi. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, akiwa na bendera na vazi lake la manyoya, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Kulikuwa na mshahara uliopatanwa, na kulikuwa na posho, na posho ikichelewa wapagazi walitua mizigo na kugoma. Wanawake nao walikuwamo, wake wa wapagazi waliobeba vyungu na watoto, na wengine waliobeba mizigo ya kulipwa. Watumwa walipita njia hiyo hiyo pia, shingo katika miti ya panda, na mateso yao hayapunguzwi na ukweli kwamba wengi wa waliobeba pembe katika njia ya kati walikuwa watu huru wa ujira. Njia moja ilibeba yote mawili, na urithi unaostahili jina hilo lazima uyaseme yote mawili.

Hata jina la Bagamoyo linabishaniwa hivyo. Wako wanaosema ni mahali pa kubwaga moyo kwa kukata tamaa, mtumwa akiiona bahari na kujua kwamba nyumbani hatarudi. Wako wanaosema ni kubwaga moyo kwa raha, mpagazi akitua mzigo wake wa mwisho na kupumua. Mji ungeweza kuzisimulia maana zote mbili kwa mgeni, pale pale kwenye uwanja ambako misafara ilipiga kambi. Kwa kawaida mgeni husimuliwa moja tu.

Basi njia hii irefushwe wapi katika orodha?

Mahali pa kwanza ni katikati yake. Wasafiri wa zamani waligawa nchi kwa kiu. Baada ya Mpwapwa, penye vijito vya kudumu, palikuja Chunyo, ambako maji yana chumvi, kisha Marenga Mkali, nyika ya maji machungu iliyovukwa kwa haraka, wakati mwingine usiku. Ndipo Ugogo na hongo zake. Baada ya Kilimatinde palikuja Mgunda Mkali, pori lililotisha kwa ukosefu wa chakula na maji, na upande wa pili wake Tura, makazi ya kwanza ya Wanyamwezi, ambako msafara ulipiga bunduki hewani kwa furaha ya kuona mtama tena. Hakuna jengo la mawe katika yote hayo. Kuna visima, majina, miamba, na wazee wanaojua baba zao waliambiwa nini. Kwa mpagazi, kisima cha Ugogo kilikuwa na uzito kuliko nyumba yoyote ya misheni.

Mahali pa pili ni matawi. Watu huiwazia njia hii kama mstari uliochorwa kwa rula, kumbe ilikuwa kama ukili wa mkeka, nyuzi zikipishana na kurudiana. Burton na Speke walipitia Zungomero, upande wa Ukutu, palipokuwa soko kubwa la misafara siku hizo. Miaka 14 baadaye Stanley alipita kaskazini zaidi, akaukuta mji wa Simbamwenni karibu na Morogoro ya leo, wenye ukuta na minara. Mji huo ulijengwa na Kisabengo, na Stanley alipofika aliyetawala alikuwa binti yake. Mwanamke aliyetoza ushuru katika njia kuu ya Afrika Mashariki mwaka 1871! Mji wake haumo katika ile orodha.

Halafu yuko Mirambo. Hapa mwandishi yeyote wa historia ya Tanzania hana budi kukaa kidogo. Alizaliwa mnamo 1840, akajenga dola yake magharibi mwa Tabora, makao yake yakiwa Iselamagazi, na mwaka 1871 akaifunga njia ya Ujiji. Aliwakatalia Waarabu wa Tabora kupita bila kuheshimu mamlaka yake. Mwezi Agosti walimwendea kwa vita, Stanley akiwa pamoja nao na bunduki zake, wakashindwa vibaya. Stanley hakuwa na njia tena ila kuzunguka kusini, mwendo wa wiki nyingi, ndipo akatokea Ujiji mwezi Novemba. Mkutano ule unaosimuliwa dunia nzima, wenye mnara na jumba la makumbusho, ulifikiwa kwa mzunguko ambao Mirambo aliulazimisha. Alifariki Desemba 1884. Wilaya ya Urambo imebeba jina lake, na Tabora kuna shule ya sekondari ya Milambo. Ila katika vituo sita vya njia aliyoifunga na kuifungua kwa amri yake, hayumo.

Mahali pa tatu ni ng'ambo ya ziwa. Orodha inaishia kwenye ufuko wa Ujiji, kana kwamba pembe zilivunwa majini. Pembe nyingi za miaka ya 1870 na 1880 zilitoka ng'ambo, Manyema katika Kongo ya leo, ambako miji ya Nyangwe na Kasongo ilikuwa vituo vikubwa kando ya mto Lualaba na karibu yake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa ngome ya utajiri wake, na baadaye akasimulia maisha yake kwa Kiswahili. Nyangwe ndiko watu wa misafara walikofyatulia risasi umati sokoni tarehe 15 Julai 1871, wakaua mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu. Damu ile ni sehemu ya njia. Na lugha pia: Kiswahili kinachosemwa leo Kasongo na Kindu, kinachoitwa Kingwana, kilifika huko juu ya mabega ya wapagazi. Wajukuu wa Wamanyema wako Ujiji, wako Tabora, na Kariakoo jijini Dar es Salaam kuna msikiti unaobeba jina lao. Familia hizo zimeunganisha pande mbili za ziwa kwa vizazi vinne au vitano, ilhali ramani ya urithi inazitenganisha.

Wapo watakaosema kuvuka mpaka ni kutafuta mashaka. Lakini Amerika Kusini ilivuka mipaka. Mwaka 2014 Qhapaq Ñan, mtandao wa barabara za dola ya Inka, uliingizwa katika Urithi wa Dunia kwa maombi ya pamoja ya nchi sita: Peru, Bolivia, Ecuador, Chile, Argentina na Colombia. Walichagua maeneo 273, mengi yakiwa ya njia tupu, ngazi za mawe, madaraja na nyumba za mapumziko za wasafiri. Nchi ambazo zimewahi kupigana vita zilikaa meza moja kwa ajili ya barabara ya watembea kwa miguu.

Mfano wa Marekani unafaa kwa sababu nyingine. Mwaka 1987 Bunge la nchi hiyo lilitambua rasmi Njia ya Machozi, ambayo Wacherokee walilazimishwa kuipita mwaka 1838 na 1839 kwenda magharibi. Kati ya watu 16,000 hivi inakadiriwa 4,000 walikufa. Lakini iliyotambuliwa ilikuwa njia kuu ya nchi kavu na ile ya majini tu. Ngome za mbao ambako familia zilikusanywa kwa mtutu wa bunduki hazikuwamo, wala njia walizoburutwa kutoka majumbani kwenda kwenye ngome hizo, wala barabara walizotawanyikia walipofika. Wazao na watafiti waliendelea kudai kwa miaka zaidi ya 20, na mwaka 2009 sheria mpya ikaviongeza vyote. Nyingi za ngome hizo zilikuwa zimeoza zamani na hakuna mti uliosimama. Zilitambuliwa kwa kumbukumbu, kwa ramani za jeshi na kwa udongo. Ndilo jibu kwa anayesema Marenga Mkali haina cha kuonyesha.

Kwa kweli udongo wa Tanzania umekwisha kuanza kusema. Mwanaakiolojia Thomas Biginagwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba katika vituo vya zamani vya misafara kando ya mto Pangani, pamoja na Ngombezi na Korogwe ya kale, akapata mifupa ya wanyama, vigae na shanga zinazoonyesha watu wa vituoni walikula nini, walifuga nini na walinunua nini. Hiyo ni njia ya kaskazini, iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro na mbele, ambayo nayo imekaa nje ya orodha ya kitaifa. Kazi ya namna hiyo ikifanywa Tura, Mvumi huko Ugogo, na Iselamagazi, hoja ya kwamba hakuna ushahidi itakosa miguu.

Kusini hali inauma zaidi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, kwa haki kabisa, kwa misikiti na majumba yake ya kale. Ng'ambo, kaskazini kidogo, uko mji wa Kilwa Kivinje. Huko ndiko walikopitishwa watumwa wengi mno waliopelekwa Zanzibar katikati ya karne ya 19, waliotolewa upande wa Ziwa Nyasa, wengi zaidi kuliko waliopita Bagamoyo. Soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa Juni 1873, watu waliendelea kuswagwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini kando ya pwani, mpaka Sultan Barghash alipopiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876. Kivinje ina nyumba za enzi hiyo zinazobomoka mvua baada ya mvua. Njia yenye neno watumwa katika jina lake rasmi imeiacha nje bandari iliyobeba wengi wao. Na ng'ambo ya ziwa hilo, Malawi haikungoja: mwaka 2011 iliandikisha njia zake za watumwa katika orodha yake ya awali. Kusini mwa Tanzania hakujaandikwa chochote cha namna hiyo.

Kuna safari moja ambayo pengine ingetosha peke yake kubadilisha ramani. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873, wenzake wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma waliukausha mwili wake, wakaufunga, na kuubeba. Walizunguka Ziwa Tanganyika kwa kusini, wakapitia Ufipa hadi Tabora. Hapo Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike. Walikataa. Mbele wenyeji wa kijiji kimoja waliogopa maiti kupita nchini mwao, basi wakafunga mabua ya mtama katika kitambaa, wakatuma wenzao wajifanye wanarudi na marehemu Tabora, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la kawaida la nguo. Februari 1874 waliutua Bagamoyo, baada ya miezi tisa, wakalipwa ujira wao na kuachiwa njia. Aliyesafiri na jeneza hadi mazishi ya Westminster Abbey alikuwa Jacob Wainwright, mmoja tu kati yao. Kanisa la Bagamoyo lina mnara unaoitwa wa Livingstone. Njia yenyewe ya wale waliombeba, kutoka Ufipa hadi Tabora, haimo katika orodha.

Kikwazo si moyo tu, ni sheria pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vingi vya baada ya hapo huhitaji tamko maalumu la Waziri. Ukikumbuka kwamba misafara ilipamba moto baada ya 1863, na kwamba Mirambo alijenga dola yake katika miaka hiyo hiyo, utaona ni kumbukumbu ngapi zinazongoja tamko. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji ofisa wa mambo ya kale, daftari, kifaa cha kupimia mahali, na mzee wa kijiji mwenye subira. UNESCO yenyewe inazihimiza nchi kuzipitia upya orodha zao za awali walau kila baada ya miaka 10, na ile ya 2006 imepitisha muda huo.

Haraka inatoka upande mwingine. Reli ya Kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya wapagazi na kuwanyang'anya kazi. Mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma, na vipande vya mbele, kuelekea Tabora na Kigoma, vinajengwa. Ni maendeleo yanayongojwa kwa hamu na watu wa magharibi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ya namna hiyo ifanyiwe tathmini kabla ya kuchimba, na katika tathmini hiyo kuna nafasi ya kuuliza: tuta hili linapita juu ya kambi ya nani?

Tura bado ipo, na ina stesheni yake ya reli ya zamani. Mtu akishuka hapo akatembea kidogo nje ya makazi, atakuwa ukingoni mwa Mgunda Mkali, pale ambapo kirangozi aliinua bendera na wapagazi, midomo ikiwa imepasuka kwa kiu, wakaanza kuimba kabla hata ya kuuona moshi wa vyungu.